Upungufu wa Prosesa wa 2018: Namna ya Kuisoma Barua ya Kiwanda

Tarehe 28 Septemba, 2018, kampuni ya Intel ya Marekani, itengenezayo prosesa zitumikazo katika sehemu kubwa ya kompyuta za dunia, ilitoa barua ya wazi kwa wateja wake. Aliyeitia sahihi ni Bob Swan, Mkurugenzi wa Fedha, ambaye tangu Juni mwaka huo alikuwa akikaimu uongozi wa kampuni. Barua ilieleza kwamba mahitaji ya kompyuta yalikuwa yameongezeka kupita matazamio. Kwamba kwa sababu hiyo prosesa zilikuwa chache, hasa zile za kompyuta za bei ya chini. Kwamba kampuni ingetanguliza prosesa za daraja la juu, yaani Xeon na Core. Na kwamba dola bilioni 1 zaidi zingetiwa katika viwanda vya Oregon, Arizona, Ayalandi na Israeli ili kuongeza uzalishaji.

Kila moja ya kauli hizo, ikipimwa peke yake, yaweza kukubaliwa. Hata hivyo, msomaji aliyezichukua zote pamoja kama maelezo kamili ya upungufu ule alipotea njia. Intel ilianzishwa mwaka 1968, na kwa nusu karne ilikuwa imekwisha kukutana na miaka mingi ya mahitaji makubwa. Iweje safari hii ongezeko la wanunuzi liifikishe mahali pa kuwapangia foleni? Jibu halimo katika sehemu ya barua izungumziayo mahitaji, na kulipata hakuhitaji siri yoyote ya kiwandani. Kunahitaji hesabu ya eneo la duara, kumbukumbu ya matangazo ya miaka ya nyuma, na subira kidogo.

Kisahani na vipande vyake

Prosesa hutengenezwa juu ya kisahani chembamba cha silikoni chenye kipenyo cha milimita 300. Juu ya kisahani hicho huchapwa kwa mwanga, tabaka baada ya tabaka, sanamu za transista na nyaya ziziunganishazo, kwa namna ifananayo na usafishaji wa picha. Kazi hiyo hupitia mamia ya hatua na huchukua miezi kadhaa. Mwishoni kisahani hukatwa vipande vidogo vya mstatili, na kila kipande ni chipu moja. Chipu ya kwanza ya Intel ya aina hiyo, iliyoitwa 4004 na kutoka mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300. Chipu za leo zina mabilioni.

Kila baada ya miaka michache watengenezaji hubuni njia mpya ya kuchapa transista ndogo zaidi, na kila kizazi cha njia hizo hupewa jina la kipimo: nanomita 22, nanomita 14, nanomita 10. Nanomita moja ni sehemu ya milioni moja ya milimita. Yafaa mwanafunzi aonywe mapema kwamba majina haya yameacha kuwa vipimo. Mtu akiichunguza chipu ya “nanomita 14” kwa hadubini ya elektroni, hatakuta sehemu maalumu yenye urefu huo ambayo jina limeitegemea. Mwaka 2021 Intel yenyewe iliibadilisha jina mojawapo ya njia zake za nanomita 10 ikaiita Intel 7, bila transista kupungua ukubwa kwa sababu ya jina hilo. Kipimo chenye maana zaidi ni idadi ya transista katika milimita moja ya mraba. Kwa hesabu ya Intel, nanomita 14 ilikuwa na transista milioni 37.5 katika eneo hilo, na nanomita 10 ilikusudiwa kuwa na milioni 100.8.

Sasa twaa kisahani chenyewe. Nusukipenyo chake ni milimita 150, kwa hiyo eneo lake ni milimita za mraba 70,686. Prosesa ya kawaida ya kompyuta ya mezani ya Intel mwanzoni mwa 2017, yenye viini vinne vya kukokotolea, ilikuwa na eneo la milimita za mraba 126 hivi. Kwa kugawanya, kisahani kingetoa chipu 561. Lakini duara haligawanyiki sawasawa kwa mistatili, na vipande vya ukingoni huharibika, hivi kwamba hubaki kama 500.

Mwezi Machi 2017 kampuni shindani ya AMD ilitoa prosesa zake za Ryzen zenye viini vinane. Intel ilijibu mwezi Oktoba mwaka huo kwa prosesa ya viini sita, yenye eneo la milimita za mraba 150 hivi, na mwezi Oktoba 2018 kwa ile ya viini vinane, yenye eneo la kama 175. Zote zilichapwa kwa njia ile ile ya nanomita 14, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kuongeza viini bila kuongeza eneo. Hesabu ya awali ikirudiwa, chipu ya milimita za mraba 150 hutoka kiasi cha 415 kwa kisahani, na ile ya 175 kiasi cha 350. Basi kiwanda kilichokata visahani vile vile, kwa mashine zile zile na wafanyakazi wale wale, kilipoteza chipu tatu katika kila kumi za aina hiyo, hata kama idadi ya wanunuzi haikuongezeka kwa mtu mmoja.

Upande wa mashine kubwa za vituo vya data tofauti ni kubwa zaidi. Prosesa kubwa kabisa ya Xeon ya wakati huo, yenye viini 28, ilikaribia milimita za mraba 700. Kisahani kimoja hakitoi zaidi ya chipu 75 hivi za ukubwa huo. Atakaye Xeon moja kubwa, kwa hesabu ya silikoni, amechukua nafasi ya watu sita au saba wa kompyuta za mezani.

Hapo ndipo neno “mahitaji” lililomo katika barua linapoanza kuonyesha utata wake. Kampuni ya utafiti wa masoko ya Gartner ilikadiria kwamba katika robo ya pili ya 2018 kompyuta zilizouzwa duniani ziliongezeka kwa asilimia 1.4. Ongezeko hilo lilikuwa la kwanza tangu mwanzoni mwa 2012, na kwa hiyo lilistahili kutajwa. Lakini asilimia 1.4 haiwezi kukielemea kiwanda kikubwa kiasi hicho. Barua ilitaja pia kwamba mapato kutokana na watoa huduma wa vituo vikubwa vya data yalikuwa yamepanda kwa asilimia 43 katika miezi sita ya kwanza. Tarakimu hiyo ina uzito zaidi, kwa kuwa hao ndio wanunuzi wa chipu kubwa. Pamoja na hayo, katika kipindi hicho hicho Intel ilikuwa imehamishia kwenye nanomita 14 chipu zisaidiazo prosesa kwenye ubao mkuu wa kompyuta, pamoja na modemu za simu za Apple za mwaka 2018. Mzigo wote ulikuwa juu ya njia moja. Kilichopanda sana ni mahitaji ya visahani vya nanomita 14, na mahitaji ya visahani si kitu kimoja na mahitaji ya kompyuta.

Jambo lililotajwa kando

Kwa nini basi kila kitu kilirundikana kwenye nanomita 14 katika mwaka 2018, ilhali njia hiyo ilikuwa sokoni tangu 2014? Kwa mpango wa awali, nanomita 10 ilikuwa ianze kutoa bidhaa mwaka 2016. Mwezi Julai 2015 mkuu wa kampuni wa wakati huo, Brian Krzanich, alitangaza kwamba ingechelewa hadi nusu ya pili ya 2017. Mwezi Januari 2018 ilielezwa kwamba usafirishaji wa kiasi kidogo ulikuwa umeanza mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Tarehe 26 Aprili, 2018, pamoja na taarifa ya mapato ya robo mwaka, ikatangazwa kwamba uzalishaji mkubwa umesogezwa hadi 2019.

Msomaji na arudi kwenye hesabu ya kisahani. Nanomita 10 ilikusudiwa kubeba transista mara 2.7 zaidi katika eneo lile lile. Chipu ya milimita za mraba 126, lau ingepungua yote kwa kadiri hiyo, ingebaki na 47 tu, na kisahani kingetoa chipu 1,400 hivi badala ya 500. Kwa kweli si sehemu zote za chipu zipunguazo sawasawa, na tarakimu hiyo ichukuliwe kuwa kikomo cha juu. Lakini hata nusu yake ingeuondoa upungufu. Kiwanda cha chipu hupata nafuu kwa njia mbili: kujenga majengo mapya, jambo lichukualo miaka, au kuhamia kizazi kipya chenye transista ndogo. Mpango wa Intel ulitegemea ile ya pili, na hiyo ndiyo iliyokwama.

Barua ya Septemba haikuificha nanomita 10. Iliitaja, ikasema kwamba kazi inaendelea vizuri na kwamba uzalishaji mkubwa watarajiwa mwaka 2019. Kilichokosekana ni kiungo. Upungufu ulielezwa katika aya moja kuwa zao la mahitaji. Nanomita 10 ikawekwa mahali pengine kama habari njema ya baadaye. Hakuna palipoandikwa kwamba jambo la kwanza lilitokana kwa sehemu kubwa na kuchelewa kwa la pili. Msomaji asiye na kumbukumbu ya Aprili, sembuse ya Julai 2015, hakuwa na sababu ya kuziunganisha aya hizo. Ni kasoro ngumu kuigundua, maana macho hutafuta sentensi ya uongo na hapa haipo.

“Mavuno yanaboreka”

Katika matangazo yote ya miaka ile kuhusu nanomita 10 kuna kauli moja iliyorudiwa: mavuno yanaboreka. Mavuno, kwa lugha ya wahandisi wa chipu, ni sehemu ya chipu zilizo nzima kati ya zote zilizokatwa katika kisahani. Chembe moja ya vumbi au mstari mmoja uliochapwa vibaya waweza kuiharibu chipu nzima. Ikiwa dosari zimetawanyika ovyo juu ya kisahani, na wastani wake ni D kwa kila sentimita ya mraba, basi chipu yenye eneo A ina uwezekano wa kusalimika ukadiriwao kwa fomula e kwa kipeo cha −AD, ambapo e ni 2.718.

Chukua njia changa yenye dosari 1 kwa sentimita ya mraba. Chipu ndogo ya milimita za mraba 70, yaani sentimita 0.7 za mraba, husalimika mara 50 katika 100. Chipu ya milimita za mraba 700 haifikii hata 1 katika 1,000. Dosari zikipunguzwa hadi 0.1, chipu ndogo husalimika mara 93 katika 100, na ile kubwa mara 50. Tarakimu hizi ni za mfano, si za kiwanda fulani. Zinatosha kuonyesha kwamba njia isiyokomaa yaweza kutoa chipu ndogo za kuuza huku ikishindwa kabisa kutoa zile kubwa ziletazo fedha nyingi.

Prosesa ya nanomita 10 iliyosafirishwa kabla ya nyingine ilikuwa ndogo, yenye viini viwili tu. Iliitwa Core i3-8121U, ikaonekana madukani Uchina mwezi Mei 2018 ndani ya kompyuta ya mkononi ya Lenovo, na sehemu yake ya kuchora picha za skrini ilikuwa imezimwa. Hilo halithibitishi kwamba sehemu hiyo ilikuwa na dosari, kwa kuwa kampuni huweza kuzima sehemu ya chipu kwa sababu za kibiashara pia. Lakini fundi akionyeshwa bidhaa ndogo, iliyozimwa nusu, iuzwayo mahali pamoja, atauliza maswali mengi kabla ya kuamini kwamba “usafirishaji umeanza”. Sanduku moja likitoka getini, usafirishaji umeanza.

Kadhalika neno “yanaboreka” halina uzito bila tarakimu. Mavuno yakipanda kutoka 5 hadi 10 katika 100 yameboreka mara mbili, na bado kiwanda hakiwezi kuuza kwa faida. Kutoka 70 hadi 75 ni hatua ndogo, lakini ni kiwanda kilicho salama. Matangazo hayakusema ni lipi kati ya hayo, na hakuna sheria iliyolazimisha yaseme.

Sababu ya kiufundi, kwa sifa ya kampuni, ilielezwa wazi zaidi. Mwezi Aprili 2018 Krzanich alikiri kwamba lengo la mara 2.7 lilikuwa kubwa mno. Kizazi kimoja kwa kawaida huongeza msongamano wa transista mara 2 hivi au pungufu ya hapo. Mwanga uliotumika kuchapa ulikuwa na urefu wa wimbi wa nanomita 193, nao ni mkubwa mno kwa mistari iliyotakiwa. Ilibidi tabaka moja lichapwe kwa awamu nne au zaidi, kila awamu ikilengwa sawasawa juu ya iliyotangulia. Kila awamu huongeza muda, na kila awamu ni nafasi nyingine ya dosari. Mashine za ASML ya Uholanzi zitumiazo mwanga wa nanomita 13.5 hupunguza marudio hayo, lakini nanomita 10 ya Intel haikubuniwa kwa ajili yake. Wakati huo huo TSMC ya Taiwani, iliyochagua hatua fupi fupi, ilianza uzalishaji mkubwa wa njia iliyoiita nanomita 7 mwaka 2018, yenye msongamano ukaribianao na wa nanomita 10 ya Intel.

Shaka nayo ipimwe

Si haki kuitilia shaka barua ya kampuni na kuyaamini bila kupima maneno ya wapinzani wake. Wapo waliosema mwaka ule kwamba Intel ilijinyima uzalishaji kwa makusudi ili bei ipande. Ushahidi wao ulikuwa mapato: dola bilioni 62.8 mwaka 2017, bilioni 70.8 mwaka 2018, na bilioni 72.0 mwaka 2019. Kampuni yenye shida, walisema, haivunji rekodi zake mfululizo.

Hoja hiyo yavutia, ila haikai sawa na mambo mengine yajulikanayo. Kampuni ijinyimayo bidhaa haitumii dola bilioni 15 kwa mwaka kwa majengo na mashine, kama ilivyofanya Intel mwaka 2018. Wala haimfungulii mshindani mlango: mwezi Julai 2019 AMD ilitoa prosesa zilizochapwa na TSMC kwa nanomita 7, na wanunuzi waliokosa prosesa za Intel walikuwa na pa kwenda. Kupanda kwa mapato kwaelezeka kwa njia nyepesi zaidi. Kiwanda kikiwa na visahani vichache hutengeneza kwanza chipu zenye bei kubwa kwa kila milimita ya mraba, na barua yenyewe ilisema hivyo. Upungufu ulikuwa wa kweli, lakini mzigo wake haukugawanywa sawa. Vituo vya data vilihudumiwa; kilichopunguzwa ni prosesa za kompyuta za bei nafuu, zile ambazo shule, ofisi ndogo na familia hununua, nao hawakuwa na wa kuwasemea katika mkutano wa wenye hisa.

Kuhusu ile dola bilioni 1, ilisomwa na wengi kama dawa ya haraka. Mashine za kuchapia chipu huagizwa miezi mingi kabla, na baada ya kufungwa kisahani cha kwanza bado huhitaji miezi kadhaa kupita hatua zote. Fedha iliyotangazwa Septemba haikuweza kuwa chipu kabla ya sikukuu za Desemba. Kwa kweli, tarehe 20 Novemba, 2019, takriban miezi 14 baadaye, Intel ilitoa barua nyingine, safari hii ya kuomba radhi kwa ucheleweshaji, ikieleza kwamba uwezo wa nanomita 14 ulikuwa umeongezwa kwa asilimia 25 mwaka huo na bado haukutosha. Siku chache baadaye kampuni ya Dell ilipunguza makadirio yake ya mauzo ya mwaka, ikitaja upungufu wa prosesa za Intel.

Ahadi ya 2019 ilitimizwa kwa sehemu: kompyuta za mkononi zenye prosesa za nanomita 10 zilitoka mwaka huo. Zile za mezani ziliendelea kuchapwa kwa nanomita 14, na hata kizazi kilichotoka Machi 2021 kilikuwa cha njia hiyo. Tarehe 23 Julai, 2020, ikatangazwa kwamba kizazi kifuatacho nacho, nanomita 7, kimechelewa, na kwamba mavuno yake yako nyuma ya lengo kwa miezi kama 12. Safari hii tarakimu ilitolewa. Siku ya pili yake bei ya hisa ilianguka kwa asilimia 16 hivi, na huenda hilo laeleza kwa nini hapo awali tarakimu zilikuwa adimu. Ikumbukwe pia kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1995 huzikinga kampuni zisishtakiwe kwa kauli za matarajio zisipotimia, maadamu zimeambatana na tahadhari ya kutosha. Ndiyo maana “twatarajia” hupatikana kwa wingi katika barua za namna hii, na aya ndefu ya tahadhari huwekwa mwishoni kwa herufi ndogo.

Zoezi kwa darasa

Walimu wa hisabati na fizikia waweza kulifanya jambo hili lionekane kwa macho. Wanafunzi wachore kwenye karatasi mbili ngumu duara lenye kipenyo cha sentimita 30. Karatasi ya kwanza igawanywe kwa miraba ya sentimita 2, ya pili kwa miraba ya sentimita 4, na miraba yote inayokatwa na ukingo ifutwe. Kisha punje 70 za mchele zimwagwe ovyo juu ya kila duara, kiasi ambacho ni sawa na dosari 0.1 kwa sentimita ya mraba. Miraba iliyobaki bila punje ihesabiwe, na zoezi lirudiwe mara tano ili kupata wastani. Kwa fomula iliyotolewa hapo juu, miraba midogo hutazamiwa kusalimika mara 67 katika 100, na mikubwa mara 20. Kidato kinachojua logi asilia kinaweza kufanya kazi kinyume: kutoka kwenye hesabu ya miraba mizima kikadirie D bila kuhesabu punje. Mwishowe kundi lenye miraba mikubwa lipunguze punje hadi 60, lihesabu upya, na liandike tangazo la sentensi tatu kuhusu kiwanda chake bila kutaja tarakimu yoyote. Kundi la pili lilisome tangazo hilo na liandike maswali ambayo lingetaka kujibiwa kabla ya kuagiza chipu.